Mate ya Milembe

Mama yangu ameuza dagaa Mwaloni miaka thelathini na mmoja,
mkono ndani ya gunia, ulimi ndani ya bei.
Sasa ulimi umegandia kaakaa
kama dagaa aliyesahaulika juu ya jiwe.
Dirisha letu la Igogo linatazama ziwa zima.
"Maji yote haya," asema, "na mimi nakauka."

Mimi fundi bomba. Presha naijua kwa kiganja:
maji husukumwa kupanda vilima hivi vya mawe,
usiku mashine ikizidisha, bomba hupasuka njia panda,
barabara inaoga
na koki ya jirani inakohoa upepo.
Sikujua mwili nao una vilima.

Mia na themanini kwa mia na kumi, alisoma binti wa maabara,
kisha akampa kichupa: "Tema humu, mama, taratibu."
Dakika kumi.
Tone moja, zito kama uji wa jana.
Niligeuza uso.

Nyamizi, ndilo jina la binti, hakuwa na haraka.
Chini ya taya kuna tezi, alisema, na kila chembe ina daftari;
jeni ndizo kurasa.
Presha ikikaa sana hufunua zilizolala,
hufunika zilizokuwa zikisomwa kila siku.
"Kwa panya tumeliona. Kwa watu bado tunatafuta.
Na vidonge navyo hukausha, sitakudanganya."

Mama akacheka kikavu.
"Daftari nalijua. Langu la mikopo
lina majina nisiyoyafungua. Hayajafutika."
Nyamizi akaliandika hilo pembeni,
pasipo na safu ya kuandikia.

Jumatatu Limi alikuwa anakwenda shule ya bweni, Sengerema.
Kwetu bibi humtemea mjukuu kifuani,
mate mepesi, ya heri.
Pale Kamanga mama akanywa funda la maji, akalizungusha,
akalimwaga.
"Hayo si mate. Hayo ni ziwa."

Kivuko kikapiga honi.
Akafungua pindo la khanga, akatoa ukwaju,
akaunyonya macho yamefumbwa,
watu wakitupita na magunia, na kuku, na godoro.
Honi ya pili.
Kisha, pfu:
kitu kidogo kuliko umande
juu ya kifungo cha sare.

Limi hakukifuta.