Herufi za Mama

Tumbi, Oktoba. Mvua bado iko Kigoma.
Kalunde anasaga jani ndani ya kinu kilichogandishwa,
vidole vinamuuma kwa baridi
huku nje jua likichoma bati.

Nyasi mbili: hii ya Sikonge, ile ya Igalula.
Suke lilelile, vinyweleo vilevile;
kitabu kinaziita jina moja.
Luhende, mchungaji, alikataa:
“Hii wanaila. Ile wanainusa tu, wanapita.”

Sasa kijani kimefunguka kwenye kioo,
duara la herufi laki moja na elfu thelathini na kitu;
kipande kimoja kimeandikwa mara mbili,
cha pili kinyumenyume.

Zinakwenda sambamba, sambamba,
mpaka macho yanasinzia.
Halafu hapo, kati ya jeni na jeni,
herufi arobaini na moja upande huu,
upande ule pengo.

Chavua haibebi haya. Ni ya mama,
na ya mama yake, tangu kabla ya ng’ombe.

Mtandao wa Igalula unakatika. Anaandika:
“Ulisema kweli. Hazikuzaliwa na mama mmoja.”

Jibu linafika usiku:
“Mimi sikusema, walisema ng’ombe.
Ila hilo pengo,
ni tamu au chungu?”