Nyuzi Kumi na Sita

Mabela. Nje, nyuzi arubaini na saba.
Chumba cha juu, kumi na sita,
usiku na mchana, tangu Shaabani.
Baba anasema Mama anapenda baridi.

Mashine inatoa maji. Mrija umeshuka ukutani
mpaka kwenye ndoo ya bluu uani.
Kila alasiri ni zamu yangu kuyamwaga
shinani mwa mrehani alioupanda yeye.
Umenawiri kupita kiasi, mrehani ule.
Siuchumi. Hata nikitumwa, siuchumi.

Ijumaa, watu wakishatoka msikitini,
Bibi hupiga simu kutoka Wete.
Baba huvuta kiti, huzima feni ya sebuleni,
hunishika bega, wala si kwa nguvu.
"Vuta pumzi kwanza. Yeye hukohoa kidogo
kabla ya salamu."

Nakohoa.
Shikamoo, Mama. Mzima mie, mafua tu haya.
Umekula? Nimekula.
Na mjukuu wangu, Ziyana?
Yupo. Amelala.

Mwanzo nilikosea, nilicheka pasipo mahali pake.
Sasa Baba hata hanisahihishi.
Anavuta misbaha, amefumba macho,
na simu ikishakatwa huniambia,
"Pumzika, Zuwena,"
kisha hukaa kimya muda mrefu
kama mtu aliyekanyaga kitu kilaini gizani.

Shangazi Thuwaiba alikuja na halwa ya Barka.
Alivua viatu, akazitazama ngazi.
"Anapata nafuu?"
"Anapata."
Alikunywa vikombe viwili, cha tatu akakitikisa: basi.
Mlangoni alinibusu utosini
akanivutia shungi mbele, likanifunika uso.
Sisi ni watu wa haya. Hatuulizi mara mbili.

Jana mwalimu aliita Ziyana, Ziyana, Ziyana.
Nikageuka na wenzangu
kumtazama huyo asiyeitika.

Usiku umeme ulikatika mtaa mzima.
Sikuwahi kuijua nyumba yetu bila ule mvumo.
Tone moja ndooni. Jengine.
Kisha hakuna.
Joto likaanza kupanda ngazi, taratibu, kama mgeni
anayekijua chumba anachokwenda.

Juu, mtu akakohoa.
Kidogo tu. Kabla ya salamu.

Baba akanigeukia gizani.
"Ni wewe?"

Nilitaka kusema siye mimi.
Nilifungua mdomo, nikavuta pumzi kwanza,
na sauti iliyotoka
ilikuwa ile ya Ijumaa.