Bawaba

Kati ya bawa na bawaba kuna silabi moja tu,
na silabi hiyo Sajini Ludmera Vosk aliipaka grisi
kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili,
katika banda la ndege la Osk, kaskazini mwa Tarvenia,
ambako spana ikilala nje usiku
asubuhi huchuna ngozi ya kiganja.

Mimi nilikuwa mshika taa.
Miaka kumi na tisa, mafua yasiyoisha,
naye akiniambia: "Inua. Si usoni kwangu. Pale."
Pale palikuwa na pini ya chuma, nene kama paja la mtoto,
na juu ya pini hiyo taifa zima lilikuwa likigeuka.

Kwani wahandisi wa Tarvenia walitaka yote:
ndege itakayotua polepole kwenye viwanja vifupi vya milimani,
mabawa wazi kama mtu anayepokea mgeni;
na ndege hiyo hiyo, ikishafika juu ya mawingu,
iyafumbate mabawa ubavuni, iipite sauti yake yenyewe
na kuiacha nyuma ikigombana na vioo vya madirisha ya watu.
Mtaka yote hukosa yote, wahenga walikwishaonya.
Lakini wahenga hawakuwa na bajeti ya ulinzi.

Waliiita Zelka, kwa jina la ndege mdogo wa mtoni.
Waliichapa kwenye stempu. Waliichapa kwenye viberiti.
Mtoto wa shangazi yangu aliichora ikiwa na kope.
Hakuna aliyechora bawaba.

Februari moja (sisemi mwaka gani,
bado kuna watu wanangoja pensheni)
Kapteni Drosht alirudi na bawa la kushoto limefunguka
na la kulia limegoma, limejikunja
kama mkono wa mtu aliyekataa kusalimiana.
Tulisimama kwenye theluji.
Gari la zimamoto likawasha injini, likazima, likawasha.
Ndege ilikuja upandeupande, ikichechemea.
Sikujua kabla ya siku ile
kwamba hewani pia kuna kuchechemea.
Ikagusa lami, ikaruka, ikagusa.

Drosht alishuka, akatapika kwa adabu nyuma ya gurudumu,
akaomba sigara.
Ludmera hakumtazama. Aliingia chini ya bawa lililogoma,
akavua glavu, akaweka kiganja kitupu juu ya chuma kile
na kusema neno ambalo kwa Kitarvenia
huambiwa ng'ombe aliyezaa kwa shida.
Alipoondoa mkono, ngozi ilibaki pale. Kiasi cha sarafu.

Sasa Zelka zote zimeuzwa kwa kilo.
Imebaki moja, juu ya nguzo, kwenye kipilefti cha Grudna,
katikati ya duka la magodoro na kituo cha mafuta.
Baraza la mji lilibishana miezi mitatu:
ichomelewe mabawa yakiwa wazi, au yamefumbwa?
Yakifumbwa, alisema meya,
tutaonekana bado tuna haraka ya kwenda mahali.
Yakiwa wazi, alisema mwalimu wa jiografia,
tutaonekana tunamngoja mtu.
Ludmera, mstaafu, nyonga zote mbili za bandia,
alinyoosha mkono kutoka safu ya nyuma:
"Msichomelee."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walikuwa na njaa,
na chumba kilikuwa kimeanza kunuka makoti.

Mara mbili kwa mwaka manispaa hutuazima gari lenye ngazi.
Mimi hupanda na bomba la grisi.
Yeye hubaki chini, ameshika taa mchana kweupe,
akinifokea kwamba natazama pasipo.

Upepo wa kaskazini ukivuma, bawa moja husogea,
upana wa kidole, halafu hulia.
Madereva hupunguza mwendo.
Hudhani ni breki zao.