Hatua Mbili Nyuma

Mia nne na kumi na mbili, zote ndani ya folda moja,
na kwa kila moja kompyuta inauliza: Mahali?
Kamera ya Baba ilijua saa, ikajua na siku
(japo siku yenyewe ilichelewa kwa mwezi).
Ilipo, haikujua kamwe.

Nafungua ramani. Lamu yaenea chini ya kidole.
Navuta karibu: mabati, makuti, matangi ya maji,
vichochoro havionekani, vimemezwa na nyumba
kama mshono uliokunjiwa ndani.
"Hii ni wapi?" Mama ananyoosha shingo.
"Kwa Bi Mwanamize wa mkate wa mofa,
ukipita wikio la kwanza, usifike kwenye punda."
Nami natakiwa niandike tarakimu, nukta,
na tarakimu tano baada ya nukta.

Jana nilisahau alama ya kutoa.
Kistari tu, kama ukucha wa mtoto,
na harusi nzima ya Mwanashuru ikaruka Ikweta
ikatua nyikani, upande wa Elwak:
bibi harusi na hina mbichi, somo yake, sinia za pilau,
hapana hata kivuli cha kumkalisha.
Mama alicheka mpaka akashika ubavu.
"Warudishe," akasema, "chakula kitapoa."

Nyingine anazikataa.
Ile ya kiwandani, wanawake vichwa wazi,
mmoja anasukwa, mmoja amelala chali kwa kicheko:
"Hiyo usiitie pini.
Aliyealikwa anaijua njia."
Nikaiacha tupu.

Leo, kwenye ya mia tatu na kitu, ndipo nikang'amua:
pini haimwonyeshi aliyepigwa picha.
Inaonyesha ilipokuwa kamera.
Baba hayumo hata katika moja
(labda kivuli cha kiwiko, Mkunguni, saa kumi),
kumbe wiki nzima nimekuwa nikimpanga yeye:
hapa alisimama, hapa alichuchumaa,
hapa alipanda ngazi za watu bila hodi.

Sikumwambia Mama. Nikaleta inayofuata:
yeye mwenyewe, kwenye daka la nyumba ya Langoni,
mkono juu ya paji la uso, mdomo umeanza neno.
Nikadondosha pini. Akavaa miwani.

"Si hapo. Ndoo, nikwonye.
Sikuenea kwenye kioo chake. Akarudi nyuma,
hatua mbili, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili.
Chokaa ikaganda kanzuni. Niliifua mimi."

Nikaisogeza. Tarakimu ya mwisho ikabadilika,
saba ikawa tisa.

"Hapo," akasema.
Kisha, kidole kikiwa bado hewani, karibu na kioo:
"Ngoja. Usihifadhi kwanza."