Shimo Lisilokunywa

Leitrim, Februari. Mvua haijabisha hodi.
Nimechimba shimo la tatu shambani kwa Attracta Gilrane,
pana kama sinia, kina cha mkono hadi kiwiko,
nikalijaza maji asubuhi, nikalijaza jioni,
maana kanuni yataka udongo ushibe kwanza
ndipo uulizwe una kiu kiasi gani.

Leo nimechomeka rula, nimekalia ndoo,
saa mkononi, penseli sikioni.
Saa ya kwanza: milimita mbili.
Saa ya pili: moja, na hiyo labda ya upepo.
Saa ya tatu ikanyesha, na maji yakapanda.

Shimo limenirudishia zaidi ya nilichokitia.

Huu ni mfinyanzi wa kijivu, mzito, mbishi.
Barafu ya kale iliulalia hata ukasahau kupumua.
Hung'ang'ania buti kama mdai.
Uviringe kiganjani, utatoa utepe mrefu usiokatika;
mfinya vyungu angeshukuru.
Mimi naandika: haufai.

Attracta analeta chai ya chupa na mkate wa magadi.
"Baba alichimba choo pale penye mbigili," anasema,
"hakupima chochote, na sote saba tukakua."
Kisima kiko hatua ishirini chini ya mbigili.
Simwambii kitu. Napuliza chai.
Anatazama kule kwa muda, kisha anajisahihisha:
"Sita. Tulikua sita."

Phelim, mwanawe, anataka kurudi kutoka Leeds
na mke na mapacha. Nyumba haipandi bila kibali,
kibali hakitoki bila kujibu swali moja lisilo na adabu:
mkishavuta mnyororo, yanakwenda wapi?

Mchoro wa kwanza: kilima cha mchanga. Ulikataliwa;
mfereji uko karibu mno.
Wa pili: kichujio cha makumbi ya nazi
yaliyovuka bahari kuja kusafisha uchafu wa Waayalandi.
Maji yangetoka maangavu. Halafu? Juu ya udongo usiokunywa,
hata maji safi ni mgeni asiye na pa kulala.
Ulikataliwa.

Wa tatu nauchora usiku, mezani kwangu, nimevua soksi:
bwawa refu lililotandikwa plastiki nene,
likarudishiwa udongo ule ule mkaidi,
na juu yake mierebi, vijiti elfu mbili.
Tone lisishuke. Tone lisitoroke.
Kama ardhi imekataa, tukaombe mbinguni.

Dervla Canning wa halmashauri husoma kwa wino mwekundu.
"Na majani yakipukutika," anauliza, "nani atakunywa?"
Nilimchukia wiki nzima kwa swali hilo,
kisha nikaongeza kina cha bwawa, kwa sababu alikuwa sahihi:
baridi ni miezi ya kuweka akiba, si ya kunywa.

Alikuja mwenyewe, kwa buti za kuazima.
Akapiga goti, akatia mkono shimoni hadi kwenye saa yake,
akautoa, akautazama.
"Sawa," alisema. Na masharti kumi na manne.
Theluthi ya miti ikatwe kila mwaka.
Mafuta ya kikaango yasimwagwe sinkini.
Kina kipimwe kila mwezi, kiandikwe, hata Krismasi.
Anayeuza nyumba, auze na wajibu huu.

Attracta aliyasoma yote kwa kioo cha kukuzia.
"Nimeolewa kwa masharti machache kuliko haya," alisema,
akatia sahihi.

Tulipanda Machi, vipande vya fimbo visivyo na jani,
Phelim akivipigilia, mapacha wakivichomeka kichwa chini.
Jioni mama aliomba kimoja,
akakipeleka polepole hadi kwenye mbigili,
akakikandamiza kwa kisigino.

Hakimo kwenye mchoro. Kiko nje ya plastiki, kwenye udongo mtupu.
Ripoti yangu inasema elfu mbili.