Gari la Kuvuta Nyumba

Ulinunua nyumba kwanza, Orest,
nyumba ya bati jeupe yenye magurudumu manne,
jiko la gesi, kitanda cha kukunja,
choo chembamba kama kabati la ufagio,
ukaiegesha nyuma ya ghala
ndipo ukakumbuka kuwa hatuna cha kuivuta.
Umenunua hatamu, nikakuambia,
na farasi bado yumo tumboni mwa mamaye.
Ulicheka. Theluji ilikuwa ingali kiunoni.

Machi nzima tukaizunguka Saskatchewan kutafuta gari.
La kwanza, kule Yorkton, liling'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Kizuri chajiuza, walisema wahenga;
hiki kilikuwa na wauzaji watatu.
Nikalala chali juu ya barafu, tochi mdomoni:
chumvi ya barabarani ilikuwa imeitafuna chesisi
hata kidole changu kikatokea upande wa pili.
Nikainuka, nikajipangusa,
nikawashukuru kwa kahawa.

La pili lilikuwa la kijana wa Melfort.
Aliapa halijawahi kuvuta kitu, hata sigara.
Lakini kulabu ya nyuma ilikuwa imekwanguka hadi chuma cheupe,
na nilipochomoa kijiti cha giaboksi
oili ilikuwa nyeusi, inanuka mkate ulioungua.
Sikubishana naye.
Nilimkabidhi kijiti, anuse mwenyewe.

Mimi si fundi. Nilikaa miaka thelathini na mmoja
katika kibanda cha mizani ya nafaka,
malori yakipanda, malori yakishuka,
wakulima wakiniapia kwa mama zao
na sindano ikisema yake.

La tatu lilikuwa la Gudny Bjarnason, mfuga nyuki,
rangi yake maji ya kuoshea sahani,
mlango mmoja umeazimwa kwa gari jingine.
Kabla ya salamu akatusomea aibu zake:
hita inapuliza upande wa dereva tu,
kioo cha kulia hakishuki tangu mafuriko,
radieta mpya, ekseli ya nyuma si ya kiwandani.
Limevuta mizinga miaka kumi na miwili, akasema,
na nyuki hawajawahi kulalamika.
Usukani ulikuwa unanatanata asali.
Hakupunguza hata senti; aliongeza ndoo.

Ulilala njia nzima ya kurudi.
Nikadhani ni furaha, huchosha mtu.

Mei, Jumapili, ghala limefungwa,
na funguo hakuna aliyewahi kunidai.
Nikalipandisha gari mizanini pamoja na nyumba yako,
maji ndani ya tangi, sufuria zangu, redio yako,
kwa maana kibandiko cha mlangoni hakina huruma:
gari lina mwisho wake wa kubeba,
na sisi wawili tumo ndani ya hesabu.
Yote yalitoshea. Yakabaki na nafasi.

Kisha ukashuka kutazama taa ya nyuma,
na sindano ikarudi themanini.

Mizani ile huhesabu kumi kumi.
Nikasema ni upepo.
Nikakuita, panda tena. Shuka tena.
Themanini.
Wewe uliyekuwa mia na kumi wakati wa mavuno,
tulipokupima hapa hapa kwa mzaha
na Kowalchuk akauliza bei yako kwa tani.

Nikaandika daftarini, kwa mwandiko wangu wa kazini:
gari, sawa. Tela, sawa.
Mstari wa tatu nikauacha.

Ukagonga dirisha la kibanda. Linatosha?
Linatosha, nikasema. Lina nguvu kupita mzigo wetu.
Kesho tutaanzia Saskatoon.
Ziwa liko kaskazini, ukasema. Saskatoon kuna nini?
Kupima.
Si tumeshapima?

Nikainama kwenye mnyororo wa tela,
nikaufunga, nikaufungua,
nikaufunga.