Shazia

Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia
pale Isyonje, malori ya viazi yanapogeuzia,
ukungu ungali umekaa barabarani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Gunia moja, shilingi mia mbili.
Lumbesa nalo mia mbili, lilivyojaa vile.
Hasira hiyo ndiyo iliyoniimbisha kwanza.

Mkono una mwendo wake:
choma, vuta, choma, vuta, kaza.
Nikaanza kuutilia maneno,
ya kipuuzi mwanzoni:
dereva mwenye kitambi, bei ya mbolea,
mbwa wa Mama Tumpe aliyekula sabuni.
Niliyaandika nyuma ya stakabadhi za ushuru
kwa penseli ya seremala,
maana wino hugoma kwenye baridi ya Juni.

Gitaa nilinunua Tukuyu, kwa mlokole aliyehamia kinanda.
Nyuzi tano. Wa sita, akasema, Bwana atatoa.
Bwana hakutoa.
Nikajifunza kuruka mahali pa uzi usiokuwepo,
na mpaka leo watu husema
upigaji wangu una kigugumizi kitamu.

Nilikwenda Mwanjelwa, studio, juu ya duka la vipuri.
Kijana wa mashine akasikiliza nusu ubeti.
"Kaka, viazi? Tia mapenzi. Tia bahari."
Bahari sijawahi kuiona.
Nikatia.
Elfu thelathini zikaenda, nikarudi na flashi
yenye wimbo ambao hata Atupele, anipendaye,
aliusikiliza akichambua maharage
na hakupitiwa na jiwe hata moja.

Mwaka mzima gitaa likaning'inia ukutani.
Nikajiambia: mtu ni gunia,
akishajaa hushonwa mdomo.

Kisha ikaja harambee ya zahanati.
Kwaya ya kutoka Kiwira ilinasa matopeni,
mwenyekiti akageuka huku na huku:
"Lugano, si wewe uliwahi kuimba?"
Spika ikakoroma mara mbili, ikafa.
Nikapanda juu ya mizani ya soko nionekane.
Mshale ukasimama kwenye sitini na tatu,
mimi na gitaa.

Nikaimba ule wa zamani:

*Gunia lina kilemba, mgongo hauna haki,*
*malipo mepesi pamba, jasho halihesabiki,*
*shingo imekuwa kamba, Isyonje hapalaliki.*

Sitasema soko lilinyamaza. Soko halinyamazi.
Mama mmoja alinisukuma mguu apime vitunguu vyake.
Lakini Ambakisye,
mbebaji asiyesalimia mtu kabla ya saa nne,
alikuwa anatoka ghalani na lumbesa mgongoni.
Akafika mbele yangu, akasimama.
Hakulitua.
Goti linatetemeka, mvuke unamtoka kichwani,
amesimama mpaka mwisho wa ubeti.
Nami, Mungu anisamehe, nikaurudia
nione kama atasubiri.
Akasubiri.

Kisha akasema, uso chini:
"Hapo kwenye shingo umekosea.
Shingo huzoea. Kinachouma ni nyonga."
Akaenda zake kwenye lori.

Usiku nikaitafuta ile stakabadhi,
nikafuta shingo, nikaandika nyonga.
Mizani haikudhurika, silabi mbili kwa mbili.
Lakini nyonga haiwi kamba.
Nikakaa mpaka alfajiri, Atupele akilalamikia taa,
nikitafuta nyonga huwa nini.

Asubuhi nikamuuliza mwenyewe.
Hakujibu.
Alitembea mbele yangu, hana mzigo, mikono mitupu,
na bado alichechemea.

Sikuwahi kutumwa kazi kubwa kama hiyo.

Bado nashona. Mia mbili bado ni mia mbili.
Ila kila ubeti sasa naupima kwanza:
je, mwenye lumbesa mgongoni angeusimamia?
Mingi haifiki.
Naifumua, naanza tena
kwenye tundu la kwanza.